Kumeza hasira kazini au kulitazama jambo upya?

Bosi amekosoa ripoti yako mbele ya wenzako. Unaweza kumeza uchungu na kukaza uso, au kulitazama jambo upya kabla halijakukolea.

Kumeza ni njia ya haraka: kikao kinaisha bila neno la kujutia. Ila gharama yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika utafiti wa mwaka 1998, mwanasaikolojia James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaonyesha watu filamu yenye kuchukiza. Walioambiwa wafiche hisia walificha uso tu. Kinyaa kilibaki palepale, na miili yao ikahangaika zaidi. Walioitazama kitaalamu, kwa kujitenga nayo, walihisi kinyaa kidogo. Tafiti za baadaye zilionyesha pia kwamba kuficha hisia hudhoofisha kumbukumbu. Kwa hiyo waweza kutoka kikaoni hujui hata ulichotakiwa kurekebisha!

Kutazama upya ni kujiuliza: amesema nini hasa kuhusu kazi, na mimi nimejiongezea nini? Kunahitaji mazoezi, na hasira ikishapanda ni vigumu mno. Hapo meza kwanza, ulirudie jambo ukishatulia.

Mimi nachagua ya pili, kwa sharti moja: isiwe kisingizio cha kuvumilia dhuluma. Ukidhalilishwa kila wiki, tatizo si mtazamo wako. Zungumza na bosi huyo, peleka malalamiko panapohusika, au anza kutafuta kazi nyingine.