Tasbihi ya kubonyeza: ya plastiki au ya chuma, ukitaka kuvunja mazoea

Kwenye meza za soko la Darajani, Unguja, kando ya kofia, udi na misuwaki, utaikuta tasbihi ya kubonyeza: pete ya plastiki yenye kioo kidogo cha namba na kitufe kimoja. Huvaliwa kidole cha shahada na kubonyezwa kwa gumba. Imetengenezwa kwa ajili ya dhikri, na kwa dhikri inafaa bila maneno mengi. Hapa tunaipima kwa kazi nyingine, nayo ni kuyanasa yale mazoea ambayo mkono huyafanya kabla akili haijapata habari: kula kucha, kushika simu isiyolia, kuwasha sigara, kudokoa ubuyu mpaka mfuko umekwisha na mlaji hana kumbukumbu ya kuula. Kwa kazi hiyo kifaa hiki kina nguvu kuliko umbo lake. Tatizo ni kwamba aina inayouzwa sana ndiyo yenye kasoro nyingi.

Nguvu yake inatoka wapi? Zoea halingoji uamuzi wako. Linaamshwa na pahala, saa, mtu au hali ya mwili, na likishaamka linakwenda lenyewe. Mwaka 1973 Nathan Azrin na R. Gregory Nunn walichapisha njia ya kuvunja mazoea ya mwili kama kula kucha na mishtuko ya misuli, na mpaka leo wataalamu wa tabia wanaitumia. Njia hiyo haianzi na kujizuia. Inaanza na kutambua: mtu anajifunza kulikamata tendo linapoanza, mkono ukiwa bado njiani. Baadaye ndipo anapewa tendo la kushindana nalo. Anayeruka hatua ya kwanza atajizuia asubuhi nzima, kisha jioni ajikute kidole kimo mdomoni na hajui kimefikaje. Kubonyeza kitufe ni kazi ya sekunde moja, lakini sekunde hiyo haipatikani bila kuwapo hapo ulipo. Faida ya pili ni kwamba kuhesabu peke yake hupunguza tendo, hata kabla hujajiwekea sharti lolote. Watafiti wa tabia wanalijua hilo siku nyingi, tena huwasumbua, maana wakimwambia mtu ahesabu ili wapate kipimo, kipimo chenyewe huanza kushuka.

Utaambiwa simu inaweza kufanya kazi hii bure. Ni kweli kwamba simu nyingi za Android zina sehemu inayohesabu mara ulizoifungua kwa siku, lakini hesabu hiyo unaisoma usiku, mambo yamekwisha. Na kwa anayetaka kupunguza simu, kufungua simu ili ajihesabie ni kumtuma paka akalinde samaki.

Sasa tuitazame bidhaa yenyewe. Pete ya plastiki ni nyepesi, haisikiki, na kwa kawaida inahesabu hadi 99999. Bei haifiki shilingi elfu kumi, na hupatana. Ijaribu hapo hapo mezani kabla ya kutoa pesa: irudishe sifuri, bonyeza haraka mara 33 huku ukihesabu kwa mdomo, kisha soma. Ikisema 35, kitufe kinaruka na kuhesabu mara mbili. Ikisema 31, mpira wa ndani umelegea. Zote mbili ziache. Tazama pia kioo ukiwa kivulini. Namba zilizokatika nusu zinaonyesha betri imechoka, na betri ya kidonge iliyokaa dukani muda mrefu katika joto letu haina umri. Fungua kifuniko cha nyuma uone ni betri ya aina gani, kwani aina zinatofautiana. Fundi saa yeyote anazo, ila mpelekee ile ya zamani ailinganishe, usimwelezee kwa mdomo. Zenye taa hazina faida kwa kazi hii, taa inakula betri tu.

Kasoro kubwa ya pete hii ni kitufe cha kufutia. Kimewekwa karibu na kile kikubwa, na kwenye nyingi mguso mmoja unatosha kupoteza hesabu ya siku nzima. Ikikaa mfukoni pamoja na funguo, ndiyo basi. Tafuta ile inayotaka kitufe kishikiliwe sekunde kadhaa ndipo ifute. Ukiikosa, kata kipande cha plasta ukibandike juu ya kitufe hicho. Kasoro ya pili ni maji. Haizuii maji, na wakati wa udhu ni lazima uivue, kwanza isiharibike na pili maji yafike kwenye ngozi iliyo chini yake. Ukishaivua bombani, nusu ya safari utaiacha hapo hapo. Ifungie uzi mfupi uutie kwenye tundu la kifungo. Tena chumvi ya hewa ya bahari na jasho la kidole huleta kutu ya kijani kwenye vishikio vya betri. Kwa wanaokaa ufukweni, iwe Nungwi, Makunduchi au Mkoani, ni busara kufungua kila baada ya wiki kadhaa, kusugua vishikio kwa kifutio cha penseli na kufunga.

Kihesabio cha chuma ni mambo mengine. Hiki ni kile cha duara chenye tarakimu nne, mpaka 9999, pete ya kuingiza kidole, na kifundo cha pembeni cha kuzungusha. Wengi wanakifahamu mikononi mwa wanaohesabu abiria au mizigo. Ni kizito na ni ghali kuliko cha plastiki, lakini kwa kuvunja mazoea ndicho tunachokipa alama ya juu. Hakina betri. Hakifutiki kwa bahati mbaya, maana lazima ukizungushe kifundo kwa makusudi. Na kinapobonyezwa kinatoa mlio, tak, ambao sikio linausikia na kidole kinauhisi. Mlio huo ndio unaokurudisha ulipo. Pete ya plastiki inabonyezeka kimya kiasi kwamba baada ya siku tatu gumba linabonyeza lenyewe. Bila shaka mlio huo huo ni kero msikitini na darasani, kwa hiyo huko kiache ndani ya mkoba.

Cha chuma nacho kijaribu. Makosa yake hujificha pale gurudumu moja linapolisukuma jingine, basi kifikishe 0009 kisha bonyeza, halafu endelea mpaka 0099 ubonyeze tena. Kikikwama katikati ya tarakimu, meno yamelika au hayakukaa sawa. Zungusha kifundo mpaka sifuri zote nne zikae mstari mmoja. Gurudumu likibaki kati ya 9 na 0, litakudanganya kesho. Kikianza kuwa kigumu, tone moja la mafuta ya cherehani linatosha. Mafuta ya nazi usiyaguse, yanaganda na kukusanya vumbi.

Asiyetaka kununua chochote achukue komwe kumi au ishirini za bao. Zitiwe mfuko wa kulia wa kanzu au koti, na kila tendo komwe moja ihamie kushoto. Njia hii ni nzuri kwa mazoea yasiyozidi mara kumi au ishirini kwa siku, kama sigara au soda. Kwa kucha na simu haifai, komwe zitakwisha kabla ya Adhuhuri.

Matumizi ndiyo yanayoharibu watu wengi, kuliko ubovu wa kifaa. Chagua tendo moja tu, na uliseme kwa maneno yasiyo na ubishi. “Kupunguza simu” hakuhesabiki. “Kuishika simu ambayo haikulia” kunahesabika. Siku tatu za mwanzo usijizuie kabisa. Bonyeza tu, na ubonyeze pale mkono unapoanza safari, wala si baada ya tendo kumalizika. Ukichelewa, bonyeza hivyo hivyo. Mwanzoni utachelewa mara nyingi, kisha utajikuta unalikamata mapema zaidi kila siku, na huko kukamata mapema ndiko maendeleo yenyewe, hata kama namba haijashuka.

Namba ya siku nzima peke yake haina habari nyingi. Igawe kwa vipindi vya sala, ambavyo sisi tunavyo tayari na havihitaji kengele: soma kifaa baada ya Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi na Isha, uandike kwenye karatasi bila kufuta. Tuseme Adhuhuri kilisoma 12, Alasiri 15 na Magharibi 34. Mara kumi na tisa zimeingia katika kipindi kimoja, na hapo ndipo pa kuchunguza. Uko wapi saa hizo? Barazani na kahawa? Kwenye daladala? Dukani wateja wakiwa wachache? Kichocheo kikishajulikana, nusu ya kazi imekuwa ya kupanga vitu tu: simu ibaki ndani unapokwenda barazani, au kiti kihame kutoka upande wa wavutaji. Mwezi wa Ramadhani unaonyesha jambo hili kila mwaka. Mvutaji anakaa toka alfajiri hadi magharibi bila sigara na hafi, kwa sababu mchana wote vichocheo vimenyamazishwa. Tende ikishaliwa na kahawa ikishamiminwa, mkono unarudi mfukoni kama kwamba mchana haukuwapo.

Kuanzia siku ya nne ongeza tendo la kushindana. Liwe ni jambo ambalo haliwezekani kufanyika pamoja na lile zoea, lisionekane la ajabu mbele za watu, na lishikiliwe kama dakika moja, au mpaka hamu itulie. Kwa kucha, kunja ngumi bila kukaza sana. Kwa simu, laza kiganja juu ya goti. Kwa sigara ni kuchelewesha: bonyeza, kunywa maji, hama pahala, ngoja dakika tano. Hamu hupanda, hufika kileleni na kushuka ndani ya dakika chache hata usipoitii. Wengi hawajapata kuiona ikishuka, kwa sababu siku zote wameikatiza kwa kuitii.

Hitilafu ya kawaida wiki ya pili ni kubonyeza kwenyewe kugeuka zoea. Utaona kwa namba kupanda bila sababu, au kujikuta unachezea kitufe wakati wa mazungumzo. Hamisha kifaa mkono wa pili. Mkono usiozoea hulazimika kufikiri. Hitilafu nyingine ni kuigeuza namba kuwa mtihani wa skuli, mtu akaanza kuacha kubonyeza ili jioni ionekane ndogo. Anayefanya hivyo asimwonyeshe mtu karatasi yake, ataona hana wa kumdanganya. Na usichanganye dhikri na sigara kwenye kifaa kimoja. Mbali na adabu, hesabu zenyewe zitavurugika.

Kuhusu muda, siku 21 zinazotajwa kila pahala zinarudi kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 juu ya muda ambao wagonjwa wake walihitaji, kwa uchache, kuzoea sura mpya. Hakuwa anapima mazoea. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walikuta zoea jipya huchukua kama siku 66 hivi kukomaa, lakini kati ya mtu na mtu ilikuwa kuanzia 18 hadi 254. Walikuta pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kifaa chenyewe hakihitaji muda wote huo. Wiki mbili au tatu zinatosha kwa kuhesabu kila siku, baada ya hapo kitumie siku mbili tu kwa mwezi kama ukaguzi, kwani ukikibeba daima utaacha kukisikia.

Kuna ambao hatuwashauri wakitegemee peke yake. Mvutaji anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa tangu aamke ameshikwa na nikotini yenyewe, na aulize duka la dawa au daktari kuhusu bidhaa za kupunguza hamu hiyo. Kihesabio kitakuwa msaidizi tu. Anayekunywa pombe nyingi kila siku asiache ghafla bila daktari, kuna hatari ya degedege. Na kwa heroini usipoteze pesa Darajani: kliniki ya methadoni ipo katika hospitali ya Kidongo Chekundu.

Kwa waliobaki, nunua cha chuma kama zoea lako ni la mikono au la simu na unafanya kazi pahala pasipo kimya. Pete ya plastiki ichukue mwalimu, karani na mwanafunzi, ikiwa na plasta juu ya kitufe cha kufutia na betri ya akiba. Iliyogoma kwenye jaribio la 33 iache mezani hata ukipunguziwa bei.