Friji la mtandaoni, na yule dada aliyeniuliza kama nililazimishwa kununua

Naandika nikiwa bado na hasira. Nimesubiri zipoe, hazipoi.

Siku chache kabla ya mfungo uliopita niliagiza friji kwenye duka moja la mtandaoni la hapa Dar. Duka lina ukurasa Instagram wenye wafuasi wengi, lina tovuti, lina namba ya WhatsApp inayojibu mpaka saa sita usiku. Mambo ya lita ngapi na linakula umeme kiasi gani mtayasoma wenyewe wanakoyatangaza. Mimi nimekuja kusema walivyonifanyia baada ya hela kuingia kwao.

Nauza juisi na barafu za ubuyu hapa nyumbani, Kinyerezi. Anayeijua biashara hii anajua mfungo ndiyo msimu wenyewe: jua likianza kushuka, watoto wanatumwa na majagi, kila nyumba inataka juisi ya ukwaju ya baridi mezani. Friji langu la zamani likazima kabisa, fundi akasema mama hili limemaliza safari. Kwenda Kariakoo ni siku nzima. Foleni ya kwenda, foleni ya kurudi, na katikati yake mawinga pale Msimbazi wanakuvuta mkono duka hadi duka, kila mmoja ameshaweka cha juu chake kwenye bei kabla hujauliza. Nikasema mwaka huu sivutwi mkono na mtu.

Kilichonifanya nichague duka hili ni maneno yao wenyewe, yameandikwa kwa herufi kubwa juu ya kila picha: lipa ukishapokea na kukagua mzigo. Nchi hii kila mwenye simu ameshapokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwa hiyo mtu akikwambia usimtumie hata senti mpaka uone mzigo kwa macho yako, unamheshimu. Mimi nilimheshimu. Yule dada wa huduma kwa wateja aliniamkia shikamoo kabla ya kunitajia bei, akaniita mamii, akaniambia friji ni jipya, la kwenye boksi, lina waranti ya mwaka mmoja. Laki sita na ushee. Nikaagiza asubuhi, jioni kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikapiga honi getini.

Hapo niwape haki yao. Mzigo ulifika siku ileile, na dereva hakupotea.

Sasa sikilizeni. Friji lilikuja limelazwa, limefungwa kamba juu ya magodoro ya mteja mwingine. Dereva, kijana mstaarabu sana, akanisaidia kuliingiza ndani, kisha akasema, "Mama, hili usiliwashe leo, liache lisimame mpaka asubuhi." Alisema kweli. Friji likilazwa, oili ya kwenye kompresa inatembea kwenye mabomba, ukiwasha palepale unaweza kuiua kompresa. Nikamuuliza, sasa kama siwashi nakagua nini? Akainamisha kichwa. Akasema maelekezo aliyopewa ni kwamba nikague boksi, na boksi likifunguliwa nimeshanunua.

Boksi. Yaani ile "kukagua" yote iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni kulitazama boksi kama halijachanika! Wanauza mafriji, wanajua friji lililosafiri limelala haliwezi kujaribiwa mlangoni, na wanalilaza wao. Ahadi yao haitekelezeki tangu siku waliyoiandika, na waliiandika wakijua.

Nikapiga simu dukani. Dada akasema dereva ana mzigo mwingine wa Mbezi, nimtumie hela kwenye namba yake, niweke na ya kutolea. Nikakataa. Nikataka Lipa Namba ya duka, nikapewa, likatokea jina la duka, nikalipa. Meseji ninayo mpaka leo. Dereva akanipa karatasi iliyochanwa kwenye kitabu cha risiti, hakuna risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na chini ya karatasi muhuri wa wino wa bluu: Mali ikishauzwa hairudishwi.

Asubuhi nikawasha. Taa ikawaka, likanguruma. Mpaka adhuhuri chupa za maji niliyoyaweka yalikuwa na joto lilelile la ndooni. Nikaanza kulikagua mwenyewe, sasa boksi limeshafunguliwa. Nikavuta droo ya mboga ya chini. Kwenye kona ya nyuma kulikuwa na ganda la kitunguu, jekundu, limekauka na kunata, na pembeni yake alama ya kitambaa, mtu amesafisha mpaka pale akakatisha. Nikapitisha kidole kwenye mpira wa mlango. Upande wa bawaba umebandikwa kwa supa gluu, gundi imemwagika nje na kuganda juu ya bati.

Friji jipya la kwenye boksi, lenye ganda la kitunguu cha mtu. Nilikaa chini jikoni. Sisemi kwa kuongeza chumvi, nilikaa chini.

Nikapiga picha, nikatuma. Tiki mbili za bluu, kimya. Nikapiga simu. Dada akasema niongee na dereva. Dereva akasema, "Mama, mimi nabeba tu, mzigo napewa stoo Kariakoo." Akanipa namba ya stoo, Mungu ambariki, hakulazimika. Wa stoo akasema wao hawanijui, wao wanatoa mzigo kwa yeyote anayewaletea mteja, aliyeniuzia ni ukurasa, nirudi kwa ukurasa. Ndipo nikaelewa. Ukurasa hauna friji hata moja. Una picha. Unapokea oda, unampigia mwenye stoo, unaweka cha juu chake, unatafuta kirikuu, basi. Yule winga niliyemkimbia Msimbazi ndiye aliyeniamkia shikamoo kwenye WhatsApp. Tofauti ni kwamba yule wa Msimbazi kesho yake ningerudi kwenye ile kona nikamkuta, ningemshika shati watu wakajaa.

Nikampigia tena dada. Nilizungumza kwa adabu, namshukuru Mungu nilikuwa na adabu siku hiyo. Nikamweleza: droo, gundi, maji ya moto, watoto wamerudi na majagi matupu. Akaniacha nimalize. Kisha akasema:

"Kwani mama ulilazimishwa kununua?"

Mtoto mdogo kuliko binti yangu wa mwisho. Jana shikamoo mamii, leo kwani ulilazimishwa. Nimeibiwa mara nyingi hapa mjini, nimekatiwa mkoba kwenye daladala, na sikuumia namna hii, kwa sababu mwizi wa daladala hakunitazama usoni akanidharau. Sauti yake haikuwa hata na hasira. Alikuwa amechoka na mimi. Hela imeshaingia, mimi nimeshageuka kuwa kero inayompigia simu wakati anahudumia mteja mwingine, mamii mwingine.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi watu wasinunue mtandaoni, na nawakatalia kabisa wanaosema biashara hii Tanzania haiwezekani. Mimi mwenyewe nimenunua sana. Kuna binti wa Tabata anauza vyombo kupitia status zake za WhatsApp, hana fremu, na angeipata wapi wakati wenye fremu wanataka kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi? Chupa ya chai niliyonunua kwake ilikuja na kifuniko kimepasuka. Sikugombana, nilituma picha tu. Siku hiyohiyo bodaboda akaleta nyingine na kuchukua ile mbovu, na nauli akalipa yeye. Mdogo wangu yuko Songea, vitenge vyake anavichagua kwenye simu, vinapandishwa basi stendi ya Magufuli pale Mbezi, anaenda kupokea. Wanawake wangapi wamesomesha watoto kwa namna hii! M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 ilikuwa ya kumtumia mama kijijini, leo ndiyo droo ya hela ya maelfu ya maduka yasiyo na mlango. Hata Julai 2021, tozo zilipowekwa kwenye miamala ya simu na watu wakaanza kurudi kwenye noti, wauzaji hawa hawakufa. Kelele zikapigwa, tozo zikapunguzwa, wakaendelea.

Jumia, lile duka kubwa la mtandaoni, ilipofunga shughuli zake hapa mwishoni mwa mwaka 2019, nakumbuka maneno. Watanzania hawajawa tayari, nyumba hazina anwani, mtu anaelekezwa kwa mwembe na mnara wa simu. Sikukubali wakati ule na leo sikubali zaidi. Mwaka 2022 tumewekewa namba za nyumba na vibao vya mitaa, kibao changu kipo ukutani hapa. Na hata bila kibao, kirikuu kilifika, nimeshasema. Hela ilienda kwa sekunde chache, mzigo ukafika kabla ya magharibi, mteja alikuwepo na hela alikuwa nayo. Kila walichosema kinatukwamisha kilifanya kazi. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema: hili friji ni langu mimi niliyeliuza, nakuja kulichukua.

Na wajibu huo hawapewi kwa hisani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 7 baada ya kupokea bidhaa, anaweza kughairi bila hata kueleza sababu. Mimi nilikuwa na sababu, tena na ganda lake! Nikamwandikia dada hilo, kwa utaratibu, nikaongeza kwamba nauli ya kirikuu ya kurudisha nitalipa mimi. Akajibu kwa ujumbe wa sauti kwamba kwenye risiti yangu imeandikwa hairudishwi. Nikamjibu muhuri wa wino hauwezi kufuta sheria iliyopitishwa na Bunge. Hapo kidogo wakashtuka, maana akaja mwanaume nisiyemjua, akajiita meneja, akasema fundi atakuja kesho.

Kesho ya meneja haikufika. Ikapita, ikaja nyingine, nikampigia, akasema kesho. Nikamleta fundi wangu wa hapa mtaani. Akaligeuza, akanionyesha bomba la gesi nyuma lina kiraka cha kuchomelea, na kiraka si cha kiwandani. Kwa hiyo si bahati mbaya ya safari. Kuna mtu aliliziba, akalisafisha nusu, akalitafutia boksi. Nikamtumia meneja video. Akasema basi tukurudishie nusu, friji ubaki nalo ulitengeneze. Nikasema sitaki nusu. Akanibloku.

Nikaandika chini ya picha zao ili wengine waone. Maoni yangu yakafutwa. Nikaandika kwa simu ya binti yangu, yakafutwa. Mfungo ukaisha, Idi ikapita, nikiwa nanunua barafu za jirani ili nisipoteze wateja wote. Juzi binti yangu ananiletea simu: mama, si ndio hawa? Ukurasa una jina jipya. Picha zilezile, namba ya WhatsApp ileile, herufi kubwa zilezile: lipa ukishapokea na kukagua mzigo. Chini yake kuna mama mmoja anauliza kama wanaleta Chanika.

Nilisema hapo juu sisemi watu wasinunue mtandaoni. Narudisha nusu ya maneno hayo. Nguo, vyombo, vitenge, nunueni. Chochote kinachochomekwa kwenye umeme, friji, tivii, mashine ya kufulia, msinunue kwa mtu ambaye hamjui mlango wake, hata akiwaamkia kwa magoti. Na kama ni friji, mwambieni aliache usiku mzima kwenu, liwashwe asubuhi mbele ya mtu wake, ndipo hela itoke. Akikataa mmeshamjua. Najua hilo litawaumiza na waaminifu, hata yule binti wa Tabata siku akianza kuuza mafriji nitamsumbua hivyo hivyo, na linaniuma kulisema. Lakini waliolifanya liwe hivyo ni hawa, na watu wa stoo wanaowapa mzigo bila kuuliza.

Malalamiko nimeyaandika, nayapeleka Tume ya Ushindani, FCC, pamoja na meseji ya malipo, picha ya droo, video ya fundi na ule ujumbe wa sauti. Nakala napeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, waulize risiti ya EFD iko wapi. Sijatoa jina la duka hapa kwa sababu limeshabadilishwa na litabadilishwa tena.

Na wewe dada, najua mnasoma wanachoandika watu kuhusu nyinyi. Friji nimelichomoa, liko sebuleni na boksi lake. Nataka laki sita zangu zote na ushee wake, kwa namba ileile niliyolipia. Fundi wenu simtaki, nusu yenu siitaki. Nauli ya kirikuu bado nalipa mimi.