Seti ya injini ya 196 cc na klachi kwenye gokati kuukuu: uzoefu wangu wa kuigeuza hotirodi ndogo (gari la mtindo wa zamani lenye tairi kubwa nyuma), Mombasa

Seti hii naipa nyota 4 kati ya 5. Injini yenyewe haina neno. Nyota iliyopungua imepotelea kwenye bolti moja na kwenye sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni), na wengi wanaoua klachi kwa sababu ya sproketi huishia kuilaumu injini.

Ndani ya boksi kuna injini ya Kichina ya aina ya 168F-2, ile iliyonakiliwa kutoka Honda GX200 (196 cc, nguvu farasi 6.5), klachi ya kujishika yenye meno 10, sproketi ya ekseli ya meno 60, cheni ya saizi ya 420 na kebo ya mafuta.

Kabla hujalipa, pima shafti. Injini za namna hii zimejaa Mombasa kwenye pampu za maji, jenereta na mashine za kutikisia zege, na kwa macho zote ni moja. Ya pampu mara nyingi shafti yake ina nyuzi, ya jenereta imechongoka, na klachi haikai kwenye mojawapo. Unayoitaka ni shafti iliyonyooka yenye mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachoifunga klachi kwenye shafti). Hizo nazo ni mbili: 19.05 mm (robo tatu ya inchi) na 20 mm. Klachi ya 19.05 haiingii kwenye shafti ya 20. Ya 20 ukiivisha kwenye 19.05 inacheza karibu milimita nzima, cheni inaruka na kii inakatika. Nenda dukani na kalipa yako (kifaa cha kupimia kipenyo) mkononi, usiulize mdomo tu.

Kosa la muuzaji wangu lilikuwa hapa. Mwisho wa shafti ya 19.05 una tundu la nyuzi za 5/16-24 UNF (kipimo cha inchi), naye alitia M8 (kipimo cha milimita) kwenye mfuko wa bolti. Vipenyo vinakaribiana mno, 7.94 mm na 8 mm, kwa hiyo M8 inashika mizunguko michache halafu inakaza. Ukiilazimisha kwa spana unazila nyuzi za krenki, yaani shafti hiyohiyo ya injini, na kubadilisha krenki ni kufungua injini yote. Bolti ikigoma kuingia kwa vidole, itoe.

Sasa sproketi, na hapa ndipo hotirodi inapotofautiana na gokati ya kawaida. Gavana, kidhibiti cha mwendo wa injini, huizuia karibu mizunguko 3,600 kwa dakika. Meno 10 kwa 60 ni uwiano wa 6 kwa 1, ekseli inazunguka mara 600. Tairi ya kipenyo cha inchi 13 inakupa takriban kilomita 37 kwa saa, mwendo mzuri kabisa. Lakini hotirodi bila tairi kubwa nyuma haina sura, na tairi za inchi 16 zinapandisha mwendo hadi kama 46 kwenye karatasi huku zikikula karibu asilimia 19 ya nguvu ya kusukuma. Injini bado inanguruma vizuri. Anayeteseka ni klachi, kwa sababu inateleza muda mrefu zaidi kabla ya kushika. Nilibadilisha sproketi ikawa ya meno 72: mwendo ukarudi karibu 38 na gari likaondoka bila kusitasita. Kwa cheni ya 420 sproketi hiyo ina kipenyo cha karibu milimita 291, kwa hiyo inapata nafasi chini ya tairi ya 16 lakini si chini ya 13. Muuzaji angeuliza ukubwa wa tairi tu, angenipa ya 72 tangu mwanzo.

Usishawishike kutumia sproketi ya bodaboda kwa kuwa iko kila kona. Nyingi ni za cheni ya 428. Hatua ya cheni ni ileile, 12.7 mm, ila meno yake ni manene na cheni ya 420 haikai. Isitoshe, meno arobaini na kitu ni machache mno kwa klachi ya 10. Utaichoma klachi kwenye mwinuko wa kwanza.

Klachi yenyewe nimeridhika nayo. Inaanza kushika karibu 2,000 kwa dakika, na inatakiwa iteleze sekunde mbili tatu tu. Baada ya mizunguko ya kwanza itoe cheni, uiangalie ngoma ya klachi kwa karibu: chuma kikiwa cheupe au na rangi ya majani makavu kidogo, uko salama. Ukiona pete ya buluu imezunguka ngoma, na harufu kama ya breki za matatu iliyoteremka Mazeras, joto limeshapita kiasi, uwiano ni mbaya au dereva anakanyaga nusu nusu. Ndani ya ngoma kuna bushi ya shaba: tone moja la oili kila baada ya saa chache za kuendesha. Tone moja. Ukimimina, oili inatambaa hadi kwenye shuu (vipande vinavyoishika ngoma kwa ndani), na klachi inateleza hata ukiwa na meno 72.

Tatizo lililonichanganya siku mbili: injini inazima kwenye kona kali, kisha inawaka tena kama haikutokea kitu. Utafungua kabureta bure. Ni kihisi cha oili. Kona inasukuma oili upande mmoja, kihisi kinadhani imeisha, kinakata moto. Chomoa waya wa manjano unaotoka kwenye kihisi. Ukishauchomoa hakuna tena kinachoilinda injini, basi dipu, kijiti cha kupimia oili, iangaliwe kila kabla ya kuwasha. Inaingia lita 0.6 ya oili ya 10W-30. Gavana usiiguse: flaiwili (gurudumu zito la injini) ya chuma cha kumimina na konrodi (mkono wa pistoni) ya kiwandani havikuundwa kwa mizunguko ya juu zaidi.

Fremu ndiyo iliyokula muda. Chuma kilichokaa karibu na bahari huoza kutoka ndani ya paipu, nje rangi bado inang'aa. Gonga kila paipu kwa nyundo ndogo, hasa chini ya kiti na pale paipu mbili zinapokutana. Nzima inalia, iliyooza inatoa sauti bubu na nyundo inaacha shimo dogo. Fundi wa kuchomelea niliyempa kazi alitaka kubandika kiraka juu ya kutu. Usikubali: ikatwe mpaka chuma safi, iingizwe kipande cha paipu ndani, ndipo ichomelewe. Toboa tundu la mm 6 kila sehemu ya chini kabisa ili maji yasilale. Praima ya epoksi ipakwe siku hiyohiyo, kwa sababu chuma kitupu kikilala usiku mmoja kwa hewa ya Mombasa, asubuhi kina vumbi la rangi ya machungwa. Rangi ya juu usiipige wakati wa masika, inaganda ikiwa na ukungu mweupe.

Kwa sura nilifuata Ford Model T ya 1923, kwa nusu ya ukubwa. Gari halisi lina inchi 100 kati ya ekseli mbili, kwa hiyo gokati inataka mm 1,270. Yangu ilikuwa na 1,050, nikasogeza ekseli ya mbele mm 220, itokeze mbele ya grili wazi kabisa. Bila hilo utapata kigari cha watoto chenye bodi ya bati. Ukisogeza, mikono ya usukani nayo lazima ikunjwe upya: mstari kutoka kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia) kupitia ncha ya mkono uelekee katikati ya ekseli ya nyuma. Nikiwa bado sijaikunja, tairi ya ndani ilikuwa inasugua chini kila kona na kuacha alama nyeusi. Kingpini zilale nyuma digrii 10 hadi 12. Rimu za wilibaro usizitumie mbele, hazikuundwa kubeba msukumo wa pembeni.

Breki haimo kwenye seti, na hilo lingestahili kuandikwa juu ya boksi. Ukichagua breki ya mkanda, ile ya mkanda unaokazwa kuzunguka ngoma, angalia ngoma ya breki inazungukia wapi gari likienda mbele. Ncha iliyofungwa kwenye fremu iwe ile ambayo mzunguko unaivuta, na pedali iivute ncha nyingine. Ukigeuza, ngoma inausukuma mkanda uachie, na mguu hautatosha.