Moto Palipokuwa na Barafu: Mapitio ya Picha za Simon Norfolk za Mlima Kenya

Katika kazi zote za ushirikiano wa wasanii na watafiti wa barafu nilizowahi kuzitazama, hakuna iliyonikaa moyoni kama picha ambazo Simon Norfolk, mpiga picha wa Uingereza, alizipiga mwaka 2014 kwenye barafu ya Lewis, Mlima Kenya. Alizipiga kwa ushirikiano na Project Pressure, shirika linalowakutanisha wasanii na wanasayansi ili kuweka kumbukumbu ya barafu za milimani zinazotoweka.

Barafu ya Lewis ilichorwa ramani ya kina mwaka 1934 na imepimwa tena na tena tangu wakati huo, kiasi kwamba barafu za tropiki zenye kumbukumbu ndefu kama hiyo ni za kuhesabika. Norfolk alizichukua kumbukumbu hizo, akautafuta juu ya mawe mpaka ambao barafu ilifika katika mwaka fulani, kisha usiku, kamera ikiwa imeachwa wazi kwa muda mrefu, mwenge wa petroli ukatembezwa kuufuata mpaka huo. Aliyeubeba haonekani. Kinachobaki ni mstari wa moto unaopita kwenye vifusi na miamba mitupu, na nyuma yake, mbali kuliko mtu anavyotarajia, kipande cha barafu kilichosalia.

Niliiona kwanza picha yenye mpaka wa mwaka 1963 kwenye kompyuta, nikadhani nimeielewa. Nilipokutana na nakala kubwa ukutani ndipo nilipogundua kwamba mstari ule hauko sawasawa: mahali pengine mwali umerefuka ukalamba hewa, pengine umekonda hadi kuwa kama uzi, na mawe yaliyo karibu nao yamepata wekundu huku yale ya mbali yakibaki na ubaridi wa usiku. Nilisimama pale muda mrefu nikipima kwa macho nafasi iliyopo kati ya moto na barafu. Watafiti walioipima barafu hiyo mwaka 2010 walikuta kwamba tangu 1934 ilikuwa imepoteza asilimia 79 ya eneo lake na asilimia 90 ya ujazo wake. Takwimu hizo nilikuwa nazijua, lakini sikuwa nimewahi kuziona zikiwa na urefu wa mwendo wa mtu juu ya mawe.

Ninaithamini zaidi kazi hii kwa sababu msanii hakujichorea mstari pale panapopendeza. Ameukubali ule aliopewa na vipimo, hata unapokatika nyuma ya mwamba na kuiharibia picha mizani yake. Uchaguzi wa petroli nao una uzito, kwani moto ule unatokana na aina ileile ya mafuta ambayo yakiungua hutoa gesi inayoipasha dunia joto.

Hata hivyo picha peke yake inaweza kumpeleka mtazamaji kwenye jibu fupi mno. Barafu za Afrika Mashariki zilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, na watafiti wanaeleza kuwa upungufu wa mvua, theluji na mawingu umechangia sana, si joto la hewa peke yake. Vilevile, maji ya mito inayoshuka mlimani hutegemea zaidi mvua na misitu kuliko barafu hii ndogo, jambo ambalo mkulima wa Nanyuki au Nyeri angependa kuelezwa. Ningefurahi kama maelezo ya picha yangelibeba hilo, maana mwanasayansi aliyetoa ramani ana mengi zaidi ya ramani.

Kwa atakayezitafuta mtandaoni, ninashauri asitumie simu. Azime taa, afungue skrini kubwa, aanze na picha ya 1934, aende 1963, kisha 1987, na kila mara autazame moto kwanza kabla ya kuitafuta barafu.