Mashine ya ultrasauti kwenye weldi: uzoefu wangu

Mashine hii hugonga ukingo wa weldi kwa mtetemo wa ultrasauti ili usipasuke upesi. Naitumia kwenye boriti za winchi na fremu za machujio ya kokoto, vyuma vinavyotikiswa kutwa kucha. Kwa kazi hiyo naisifu bila kusita. Kwa kila kinachosemwa na wauzaji, hapana.

Weldi ikipoa hunywea, lakini bamba baridi lililo pembeni haliiachii. Chuma kinabaki kikivutana chenyewe hata kabla hakijabeba mzigo, na ufa hupenda kuanzia ukingoni, pale mshono unapokutana na bamba. Kichwa cha mashine hutetemeka mara 20,000 na kitu kwa sekunde, na kusukuma pini nyembamba zinazougonga ukingo huo. Unakwenda taratibu mpaka ukingo ugeuke kijifereji kinachong'aa, chenye kina kisichofika milimita moja. Kagua kwa tochi na lenzi: ukiona mstari mwembamba mweusi umebaki ndani yake, rudia, kazi haijaisha.

Aliyetuuzia alidai inaondoa mkazo wote, yaani huko kuvutana kwa chuma. Si kweli. Inageuza ule wa juu tu: chuma kilichokuwa kinavutwa sasa kinabanwa, tena kwa kina cha milimita moja au mbili hivi. Ufa haupendi kufunguka mahali palipobanwa, ndiyo siri yake. Bamba nene linalokwenda kuchongwa kwa vipimo vikali bado ninalipeleka tanurini, nyuzi 600 hivi kwa chuma cha kawaida, maana huko joto linafika hadi katikati. Mzizi wa weldi, yaani sehemu yake ya chini kabisa ndani ya mshono, ambao haukujaa nao hauponi kwa kugongwa juu. Ufa uliokwisha kuanza ndio hatari zaidi, kwa sababu pini zinaweza kuufunika usionekane, kwa hiyo napaka kwanza rangi ya kupenyeza ya kutafutia nyufa.

Mbinu hii ilianzia Umoja wa Kisovieti miaka ya 1970, kwenye ujenzi wa nyambizi, kwa hiyo si mtindo wa jana.

Mikono haifi ganzi kama kwa nyundo ya upepo. Masikio ni habari nyingine! Ultrasauti yenyewe huisikii, ila pini zikigonga chuma zinapiga mlio mkali, kwa hiyo vaa kinga. Pini nazo huisha, na ncha ikishabapa haiingii vizuri kwenye ukingo. Kabla hujalipa, ulizia pini za akiba zinapatikanaje. Yetu ilikuja na seti moja tu, na kuagiza nyingine kulitusimamishia kazi.