Uzoefu wangu: kubadilisha kengele za moto kwenye jengo kongwe la serikali, Dodoma

Nasimamia majengo katika ofisi moja ya umma hapa Dodoma. Jengo letu kuu ni la enzi za mkoloni: kuta nene za mawe, dari za mbao, na masijala iliyojaa mafaili mpaka juu, mengi hayana nakala popote. Kwa hiyo tulipopata fungu la kubadilisha mfumo wa kengele za moto, niliifuatilia kazi hiyo kwa karibu.

Mfumo wa zamani ulikuwa wa zoni. King'ora kikilia, paneli (sanduku la ukutani linaloongoza mfumo) inawasha kitaa kimoja tu, na zoni moja ni korido nzima. Mlinzi anaanza kugonga mlango baada ya mlango, na funguo nyingine watu wameondoka nazo. Kisha kuna vumbi. Upepo wetu wa kiangazi mnaujua. Vumbi likiingia ndani ya detekta, kile kifaa cha darini cha kunusa moshi, mwanga wake wa ndani hutawanyika kama vile kuna moshi, na king'ora kinalia bure. Watu wakazoea. Kinalia, mtu anaendelea kugonga mihuri, mwingine anapiga simu: "Kizimeni hicho!" Mimi hilo lilinitisha kuliko nyaya mbovu.

Sasa kila detekta ina namba yake, na paneli inaandika kabisa: MASIJALA, RAFU ZA NYUMA. Waya unazunguka na kurudi kwenye paneli, hivyo ukikatika mahali pamoja detekta zinaendelea kusoma. Ninachokipenda zaidi ni kwamba detekta ikianza kuchafuka paneli inatoa taarifa mapema, fundi anakwenda kuisafisha kabla haijapiga kelele za uongo. Jiko la chai tuliwekewa detekta ya joto badala ya moshi, maana mvuke wa birika ulikuwa unatusumbua kila asubuhi. Siku hizi king'ora kikilia, watu wanainuka na kutoka. Kwa hilo peke yake, hela imeenda mahali pake.

Upande wa zamani kabisa tulikataa kuta zisitobolewe, tukachukua detekta zisizo na waya. Ni ghali, na betri zake lazima ziingie kwenye bajeti, lakini lipu ya zamani imebaki salama.

Mkandarasi nina lawama mbili kwake. Vijana wake walikuwa wanatupia detekta za zamani kwenye kiroba cha kifusi. Baadhi zilikuwa za aina yenye chembe ya mionzi, amerisiamu-241; hizo haziendi dampo, ni suala la Tume ya Nguvu za Atomiki. Nilizuia gari lisitoke. La pili, alikabidhi kazi bila namba ya siri ya fundi ya kuingilia kwenye paneli. Maana yake hata kubadilisha jina la chumba lazima umwite yeye, na umlipe. Tulivutana sana mpaka akaitoa.

Ukiwa na kazi kama hii, namba hiyo na michoro ya nyaya viandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya mwisho. Siku ya makabidhiano waalike Zimamoto, zimeni umeme mkuu, na mjaribu detekta kwa moshi wa kopo (wa kupuliza, wa majaribio) huku mfumo ukitumia betri zake tu. Kwetu king'ora cha ghorofa ya juu kilinyamaza kwenye jaribio hilo, na kilirekebishwa kabla hatujasaini.