Ruta yenyewe haina neno, ila ile namba yao ya simu!

Nilikusudia kuipa ruta hii nyota nne niende zangu. Kisha nikamkumbuka yule kijana wa huduma kwa wateja, nyota zikaanza kudondoka zenyewe.

Habari za antena ngapi na nguvu kiasi gani someni kwenye boksi. Mimi nazungumzia kazi moja tu: kuhamisha mafaili humu humu ndani, kutoka laptopu ya Windows kwenda kwenye Mac, na mengine kwenda kwenye kompyuta kuukuu ya Linux ninakotunza kazi zilizokwisha. Nahariri video, kwa hiyo faili langu dogo ni gigabaiti kadhaa. Tangu mwanzo mafaili yalikuwa yanasuasua. Intaneti inakimbia vizuri, na hilo ndilo lililonichoma: video iliyowekwa ng'ambo inafunguka papo hapo, ya kwangu iliyo meza ya pili haifiki.

Nikapiga simu. Niliwekewa muziki mpaka nikaukariri. Kijana akapokea, sijamaliza kueleza akasema zima, washa. Nimeshazima na kuwasha. Zima tena. Haya. Kisha akauliza kompyuta zangu ni za aina gani. Nikamtajia, akacheka. Akacheka! "Dada, tatizo ni huo mchanganyiko wako. Mac na Windows haziongei lugha moja."

Zinaongea. Apple, wenye Mac, waliifanya SMB, lugha ileile ya kushea mafaili ya Windows, kuwa njia yao ya kawaida tangu 2013. Linux nayo ina Samba, programu inayoongea SMB hiyohiyo, kazi aliyoianza Andrew Tridgell mwanzoni mwa miaka ya 1990, pengine kijana mwenyewe hajazaliwa. Nikamweleza, tena kwa adabu. Kimya kidogo, halafu: "Dada, hapo nyumbani hakuna mwanaume anayeelewa elewa kompyuta nimpe maelekezo?"

Yupo. Ni mume wangu, na akitaka kuchapisha barua huniita mimi.

Sikukata simu kwa sababu kulikuwa na mteja anasubiri kazi yake. Kijana akanipeleka kwenye mipangilio ya usalama, akaniambia nichague WPA yenye TKIP, yaani kufuli la Wi-Fi la kizamani, "ili mashine zako zote zielewane." Akaniaga.

Kilichokuwa kinasuasua sasa kikawa kinatambaa. Faili la gigabaiti 4 likadai limebakiza zaidi ya saa nzima.

Nikaacha kuwasikiliza watu, nikaziuliza mashine. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya Wi-Fi juu ya skrini. Utaonyeshwa kasi iliyopo kati yake na ruta. Yangu ilisema 54. Kwenye Windows nikafungua dirisha la amri (Command Prompt), nikaandika netsh wlan show interfaces: 54. Linux: 54. Mifumo mitatu tofauti, namba moja! Hapo huwezi tena kuniambia ugomvi ni wa Mac na Windows. 54 ndiyo dari ya Wi-Fi ya zamani, ile 802.11g ya 2003, na TKIP ndiyo inayokurudisha huko, maana kasi za 802.11n na za baada yake hazikuruhusiwa kutumika pamoja nayo. Na hizo ni megabiti kwa sekunde, gawanya kwa 8 upate megabaiti. Kasi halisi huwa kama nusu yake, pengine chini. Tena kompyuta zote mbili zikiwa hewani, kila kipande cha faili kinasafiri mara mbili, kwenda kwa ruta na kutoka kwa ruta, kwa kupokezana kwenye chaneli ileile. Ukimaliza hesabu unabaki na kama megabaiti moja kwa sekunde. Ndiyo "kuelewana" kwake huko.

Nikaweka WPA2 yenye AES peke yake, kufuli jipya zaidi. Zote tatu zikaruka juu pale pale.

Ule usuasuaji wa mwanzo nao ulikuwa na mwenyewe. Ruta hii hutoa jina moja kwa masafa yote mawili ya Wi-Fi, gigahezi 2.4 na 5, na laptopu ya Windows ilikuwa imeng'ang'ania gigahezi 2.4, kwenye chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, ambako majirani wote wamejazana. Nikatenganisha majina, nikaihamishia 5. Linux haihami mezani, nikaichomekea kebo. Sasa lile faili linachukua dakika mbili hivi. Folda ya vifaili vidogo vidogo elfu moja bado inajikokota, kwa kuwa kila faili lina maulizo yake ya kufungua na kufunga. Hizo nazifunga zip kwanza, ziwe faili moja. Hilo silitupii ruta.

Kwa hiyo ruta ni nzuri? Nzuri, nikisema kweli. Inapenya kuta, haijakatika hata mara moja. Nilikuwa nimeshaandika nyota nne tena, ndipo ukaingia ujumbe: "Tatizo lako limetatuliwa na mhudumu wetu. Tafadhali tupe maksi." Limetatuliwa na nani? Na kama TKIP ni ya kizamani hivyo, kwa nini bado mmeiacha kwenye menyu ikisubiri mtu kama huyo amwelekeze mtu kama mimi? Tatu. Hapana, mbili.

Ukitaka kuinunua inunue. Ile karatasi yenye namba ya simu ichane kabla hujachomeka waya.